Sindano za Kichina na Uchungu wa Kuzaa



Jumapili moja tulikuwa na mkutano wa tawi karibu na mizani ya chai. Tulikwisha maliza habari ya mishahara na ya makoti ya mvua, nami nikauliza kama kuna mwenye neno lingine. Mama mmoja mchuma chai, mwenye mimba ya miezi saba, akainua mkono. Akasema: "Dada, sokoni kuna mtu anayetangaza kwamba ana sindano za Wachina. Anasema mwanamke akichomwa sindano hizo atazaa bila kusikia uchungu hata kidogo. Anataka pesa sawa na nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Je, ni kweli au ni uongo?"

Wanaume wengine walicheka. Akina mama hawakucheka. Wazee wetu walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimezaa mara nne, na sikusahau hata mara moja. Lakini jibu sikuwa nalo. Nilimwomba anipe majuma mawili nikaulize.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kwa hiyo nilikwenda kwa mkunga mmoja mzee ambaye amepokea watoto kwa miaka mingi, na tena nikamwomba mwalimu wa shule ya hapa kambini anisaidie kusoma maandiko ya wataalamu. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua swali hili si la mama mmoja tu.

Jibu kwa kifupi ni hili. Sindano hizo zipo kweli, na zinatumiwa katika hospitali za nchi kadhaa. Zaweza kumpunguzia mama taabu, lakini haziondoi uchungu wote. Anayeahidi kwamba utazaa bila kusikia kitu anakuuzia maneno. Sasa tuendelee pole pole.

UCHUNGU UNATOKA WAPI

Mji wa mimba ni mfuko wa nyama yenye nguvu sana. Wakati wa kuzaa ukifika, nyama hiyo hujikaza na kulegea, hujikaza tena na kulegea. Kila inapojikaza huvuta mlango wa kizazi ufunguke kidogo kidogo, mpaka upana wa sentimita 10, ndipo kichwa cha mtoto kipate kupita. Habari ya maumivu haya huchukuliwa na neva mpaka kwenye uti wa mgongo, halafu hupanda mpaka kwenye ubongo. Kwa kuwa neva hizo huingia mgongoni sehemu ya chini, mama husikia maumivu tumboni na mgongoni pia, kama mtu aliyebebeshwa gunia. Baadaye mtoto anaposhuka, njia yenyewe inatanuka, na neva nyingine za chini zaidi ndizo huleta habari.

Uchungu huu si ugonjwa. Ni kazi ya mwili. Hata hivyo kazi ngumu inastahili msaada, kama vile mchukuzi anavyostahili mwenzake wa kumtwika. Tena yafaa tujue kwamba hofu huongeza uchungu. Mwanamke mwenye hofu hukaza mwili wote, na hapumui vizuri. Kila mkunga amekwisha kuona jambo hilo.

Hospitali zina njia zake za kupunguza uchungu. Ipo dawa ya ganzi inayotiwa mgongoni, nayo ina nguvu kuliko zote, lakini inahitaji daktari maalum wa usingizi na vyombo vya kumwangalia mama. Katika zahanati zetu haipatikani, na hata katika hospitali kubwa za serikali ni haba. Ipo pia hewa maalum ambayo mama huivuta kwa kifuniko cha mdomo na pua. Na ipo sindano ya pethidine, ambayo hupunguza maumivu kiasi, lakini yaweza kumfanya mama kusinzia na mtoto kuzaliwa akiwa mzito wa kupumua. Ndiyo sababu watu wengi wametafuta njia nyingine zisizo na dawa.

SINDANO ZENYEWE NI ZA NAMNA GANI

Sindano ya nesi ina tundu ndani, na kazi yake ni kupitisha dawa. Sindano ya Kichina haina tundu wala dawa. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, mwembamba sana, unene wake kama robo ya milimita. Mtaalamu huichoma mahali maalum, huizungusha kwa vidole, kisha huiacha kwa muda wa dakika 20 au 30. Mgonjwa husikia uzito au ganzi mahali pale. Wengine huunganisha sindano na chombo kidogo cha umeme wa betri, ili zitetemeke zenyewe. Tiba hii kwa lugha za nje huitwa akupancha.

Wachina wameitumia kwa muda mrefu sana. Kitabu chao cha kale cha uganga kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 na zaidi, kinaieleza. Wao husema mwilini mna njia ambamo nguvu ya uhai hupita, na juu ya njia hizo mna vituo 361 vya kuchomwa. Kwa mama anayejifungua, vituo vinavyotumiwa mara nyingi ni vitatu. Cha kwanza ni kwenye mkono, katika nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Cha pili ni upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo. Cha tatu ni chini ya mgongo, juu ya ule mfupa mpana ulio kati ya matako.

JINSI ZILIVYOENEA

Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi ya China ilikuwa na vijiji vingi visivyo na daktari. Serikali yao ikachagua wakulima, ikawafundisha kwa miezi michache, kisha ikawarudisha vijijini. Waliendelea kulima pamoja na wenzao, huku wakitibu watu. Waliitwa madaktari wa miguu mitupu. Mfukoni mwao walikuwa na dawa chache pamoja na sindano hizi, kwa sababu zilikuwa rahisi kubeba na gharama yake ndogo.

Watu wengi wa nchi za magharibi walizisikia mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alikuwa Beijing mwezi wa Julai mwaka huo, akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa. Baada ya upasuaji tumbo lilimsumbua, daktari akamchoma sindano tatu, moja kwenye kiwiko na mbili chini ya magoti, naye akapata nafuu. Aliandika habari hiyo katika gazeti lake. Watu wakaipokea vibaya, wakasema alipasuliwa kwa sindano tu bila dawa. Sivyo. Alipopasuliwa alipewa dawa ya ganzi ya kawaida.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1958 madaktari wa China walijaribu kupasua watu kwa kutumia sindano hizi. Lakini baadaye ilijulikana kwamba mara nyingi wagonjwa hao walipewa na dawa nyingine pamoja. Nalisema hili kwa sababu maneno ya "bila uchungu kabisa" yalianzia katika habari za namna hiyo, na hata leo yanafika mpaka sokoni kwetu.

Huko Ulaya, wakunga wa Sweden walianza kutumia sindano kwa akina mama wanaojifungua katika miaka ya 1980, na njia hiyo ikaenea katika hospitali zao nyingi.

Hapa Afrika ya Mashariki, madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania bara mwaka 1968. Kwetu Uganda kikosi chao cha kwanza kilifika mwaka 1983. Mwaka 2012 ilifunguliwa hospitali ya Naguru mjini Kampala, iliyojengwa kwa msaada wa China, na madaktari wa vikosi hivyo wamefanya kazi huko. Mara nyingi katika vikosi hivyo huwamo mtaalamu wa sindano, ambaye watu humwendea kwa maumivu ya mgongo, magoti, na viungo vilivyopooza. Kwa hiyo mtu akisema ameona sindano za Wachina zikifanya kazi, huenda asema kweli. Bali mgongo wa mzee ni jambo moja, na mama anayezaa ni jambo lingine.

ZINAFANYAJE KAZI

Njia za nguvu ya uhai hazikuonekana katika mwili uliopasuliwa. Kwa hiyo wataalamu wa siku hizi wametafuta maelezo mengine, na mawili ndiyo makubwa.

La kwanza ni la lango. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu kama lango, nalo laweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi. Fikirini lango la kiwanda wakati zamu zinapobadilishana. Watu wa zamu moja wakisongamana langoni, wale wa zamu nyingine hawapiti haraka. Vivyo hivyo habari za kuguswa, kukandwa au kuchomwa kidogo zikifika langoni, habari za uchungu huchelewa na hupungua. Ndiyo sababu mtoto akijigonga goti, wewe hulisugua naye hunyamaza.

La pili ni la dawa iliyo ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1975 katika mji wa Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz walitangaza kwamba ubongo hutengeneza vitu vyake vinavyofanya kazi kama afyuni, yaani vinavyotuliza maumivu. Jamii ya vitu hivyo huitwa endofini. Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani waliwachoma watu sindano za Kichina, maumivu ya meno yakapungua. Kisha wakawapa dawa inayozuia kazi ya afyuni, na maumivu yakarudi. Wakafikiri kwamba sindano huuamsha mwili utoe endofini. Wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata matokeo yale yale, kwa hiyo jambo hili bado lina ubishi.

WALIPOPIMA WALIONA NINI

Hapa ndipo penye jibu la mama yetu, basi tusome kwa makini.

Kupima tiba ni kazi ngumu, kwa sababu mtu akitunzwa vizuri hujisikia afadhali, hata kama tiba yenyewe haina nguvu. Kwa hiyo wataalamu huwagawa akina mama kwa bahati nasibu. Wengine hupewa sindano za kweli, wengine za uongo, yaani zinazochomwa juu juu tu au mahali pasipo kituo, na wengine hupata huduma ya kawaida. Halafu hulinganisha.

Huko Sweden walifanya jaribio kwa wanawake 303 waliokuwa wakizaa mtoto wa kwanza, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Kundi moja lilichomwa sindano zinazozungushwa kwa mkono, la pili sindano zenye umeme mdogo, la tatu huduma ya kawaida. Walipoulizwa uchungu ulikuwa mkali kiasi gani, makundi yote matatu yalijibu karibu sawa. Lakini jambo lingine likaonekana. Katika kundi la huduma ya kawaida, wanawake 70 katika kila 100 waliomba dawa ya ganzi ya mgongoni. Kwa sindano za mkono walikuwa 61. Kwa sindano zenye umeme walikuwa 46. Yaani uchungu ulikuwepo, lakini wengi zaidi waliweza kuuchukua bila kuomba ganzi.

Mwaka 2020 wataalamu wa jumuiya ya Cochrane walikusanya majaribio 28 yenye wanawake 3,960. Walisema kwamba sindano za kweli zikilinganishwa na za uongo, huenda ukali wa uchungu usitofautiane sana. Hata hivyo waliochomwa za kweli waliridhika zaidi, na walitumia dawa kidogo zaidi. Waliangalia pia njia ya kubonyeza vituo vilevile kwa kidole bila kuchoma, wakaona kwamba huenda inapunguza uchungu. Wakaonya kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo, na tusiyategemee kupita kiasi.

Nchi nazo hazikubaliani. Wakati wakunga wa Sweden wanachoma sindano, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 uliwaambia wakunga wasiwape akina mama tiba hiyo, bali wasimzuie mama anayeitaka mwenyewe. Wote wamesoma majaribio yale yale, kila mmoja akaamua kwa njia yake.

TAHADHARI

Katika mikono ya mtaalamu, na kwa sindano safi, tiba hii haina hatari nyingi. Hatari kubwa huletwa na mikono isiyofundishwa. Basi shikeni haya:

1. Sindano iwe mpya, ifunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na itupwe baada ya kutumiwa mara moja. Sindano iliyochoma mtu mwingine yaweza kuleta virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Kuifuta kwa pombe au kuipitisha kwenye moto wa kibiriti hakutoshi.

2. Mwenye kuchoma awe amefundishwa na ameandikishwa. Uganda ilitunga sheria mwaka 2019 juu ya tiba za asili na tiba za nyongeza, na waganga wa aina hiyo watakiwa kuandikishwa. Mwulize cheti chake. Akikasirika, umekwisha pata jibu.

3. Usikubali kuchomwa au kubonyezwa vituo vya mkono na mguu kabla ya miezi kutimia. Wachina wenyewe tangu zamani humkataza mwenye mimba vituo hivyo, kwa kuwa huaminiwa kwamba huamsha uchungu.

4. Mwambie mtaalamu kama damu yako haigandi upesi, au kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

5. Sindano haimgeuzi mtoto aliyekwama njiani, haizuii damu, wala haitibu kifafa cha mimba. Ukiona damu nyingi, maji ya kijani, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mwili kukakamaa na kutetemeka, au mtoto ameacha kucheza, usingoje sindano ya mtu yeyote. Nenda hospitali mara moja.

6. Usizalie sokoni wala nyumbani kwa mwenye sindano. Huko Sweden sindano huchomwa ndani ya hospitali, na mkunga yupo pale pale pamoja na vyombo vyote. Hilo yule mtu wa sokoni hakulisema.

TIBA ISIYO NA BEI

Nilipomsomea yule mkunga mzee habari hizi, alicheka akasema: "Mbona nusu ya kazi hiyo hufanywa na mkono wa mtu?" Nikamwomba anionyeshe.

Uchungu unapokuja, mwenzi wa mama asimame nyuma yake, aweke kiganja au ngumi chini ya mgongo, juu ya ule mfupa mpana, abonyeze kwa nguvu na kwa utulivu mpaka uchungu upite. Mama mwenyewe ndiye atakayesema hapa au pale, zaidi au pungufu. Kati ya uchungu na uchungu amkande pole pole. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kisichounguza, kiwekwe kiunoni. Mama atembee kama anaweza, na apumue pole pole, akitoa hewa kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Uchungu wa kuzaa ukiisha anza kweli, na miezi imetimia, mwenzi aweza pia kubonyeza kwa kidole gumba ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada ya mama.

Mambo haya si ya kizamani. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 limeyataja ya kukanda, nguo ya moto, na kupumua kwa utulivu, kuwa njia zinazofaa kwa mama anayetaka kupunguziwa uchungu. Na tena limesema kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wote wa kujifungua.

Juu ya jambo hili la mwenzi, ushahidi una nguvu kuliko ule wa sindano. Mwaka 2017 yalikusanywa majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000. Wale waliokuwa na mtu karibu nao bila kuondoka walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa wa saa chache kidogo, waliomba dawa za maumivu mara chache zaidi, na waliopasuliwa walikuwa wachache.

Niliposoma hayo nilikumbuka mtoto wangu wa kwanza. Nilifika kituo cha afya jioni, baada ya kuchuma chai mpaka saa nane mchana, kwa kuwa nyapara alikataa kuniruhusu kabla kipimo hakijatimia. Mama mkwe wangu alizuiwa mlangoni. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Usiku kucha nilishika chuma cha kitanda. Simlaumu nesi yule, maana hawezi kujigawa. Lakini mpaka leo nasema kwamba usiku ule nilihitaji mkono wa mtu mgongoni mwangu.

CHAMA KINAHUSIKAJE

Wengine watauliza, mambo ya uzazi yanaingiaje katika gazeti la chama? Yanaingia hivi. Mkono ule unaobonyeza mgongo ni mkono wa mfanyakazi. Ni dada yake anayefunga majani kiwandani, au mume wake anayepalilia. Mtu huyo hawezi kuwa wodini na kazini kwa wakati mmoja. Akikosa kazi siku hiyo hukatwa mshahara, na pengine hufukuzwa. Kwa hiyo mama hubaki peke yake, si kwa sababu hana ndugu, bali kwa sababu ndugu zake hawana ruhusa. Halafu mtu wa sokoni humkuta na hofu yake, akamwuzia ahadi.

Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mama likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 183 wa mwaka 2000 unataja majuma 14 kwa mama. Lakini juu ya mtu wa kumsindikiza mama asiye mume wake, hakuna anayesema kitu. Hapo ndipo makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri yanapofaa.

Katika tawi letu tumeandika madai manne, nanyi katika matawi yenu mwaweza kuyajadili:

Kwanza, mama mwenye mimba kubwa apewe kazi nyepesi, wala asizuiwe na kipimo akisema uchungu umeanza.

Pili, mfanyakazi mmoja aliyechaguliwa na mama apewe siku mbili za ruhusa yenye malipo ili awe naye.

Tatu, gari la shamba lipatikane usiku na mchana kumpeleka hospitali.

Nne, katika zahanati ya shamba wodi ya uzazi iwekwe mapazia kati ya vitanda, ili mwenzi aweze kuingia bila kuwafedhehesha wanawake wengine.

Hakuna hata moja kati ya haya lenye gharama ya kumfilisi tajiri.

Ninyi wanaume mliocheka mkutanoni, siwatukani. Nawaomba mjifunze kubonyeza mgongo kama mkunga alivyonionyesha. Dakika tano zatosha kujifunza.

Mama yule nilimrudia baada ya majuma mawili, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza. Nikamwambia kwamba kama angekuwa karibu na hospitali yenye mtaalamu wa kweli, na sindano mpya, na akazitaka, nisingemzuia, mradi ajue kwamba atapunguziwa taabu tu. Alifikiri kidogo, akasema pesa zile atazitunza za gari na nguo za mtoto. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu: "Na dada yangu wa kiwandani, ataruhusiwa kuja?"

Barua ya kumwombea ruhusa tumekwisha ipeleka kwa meneja, yenye sahihi na alama za vidole za wachumaji wote wa sehemu yake. Tunangoja jibu. Mwezi ujao mama huyo atajifungua, na mtoto hangoji jibu la ofisi. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi tusimame pamoja naye.

Umoja ni nguvu.